Kiatu cha Banyani

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa na methali ya kila jambo. Moja aliyoipenda sana ilikuwa hii: Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Aliitoa pale jirani alipomsema mwenziwe asubuhi, na jioni akaenda kumwazima sufuria. Sie watoto tulicheka kwa kuwa yeye kacheka. Kiatu nilikijua, dawa niliijua, lakini Banyani sikumjua. Mie nimezaliwa Jadida mwaka 1992, na wengi katika Wahindi waliokuwa wakifanya biashara Wete walikuwa washaondoka zamani.

Jadida ni kitongoji cha pembezoni mwa mji wa Wete, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba. Jina lake ni la Kiarabu, maana yake mpya, ingawa mie nimeikuta na wazee wake na makaburi yake. Ukitoka kwetu unafika madukani kwa miguu. Siku moja, nikiwa skuli ya msingi, bibi alinishika mkono tukapita mbele ya nyumba moja kongwe yenye baraza refu, akanambia, "Mume wangu, hapa ndipo baba yangu alipoweka rehani mikarafuu yake."

Aliniita mume wangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu zao wa kiume. Akanisimulia habari ya daftari. Lilikuwa refu, jalada lake jekundu, na maandishi yake hapana aliyeweza kuyasoma ila mwenyewe. Karafuu zikichumwa, zikichambuliwa, zikianikwa majamvini, zilipelekwa pale zikapimwa. Mwenye duka akaandika. Mwaka wa pili zikapelekwa tena, akaandika tena. "Deni la baba halikwisha," alisema bibi. "Alikwisha yeye."

Basi hiyo ndiyo sura ya Banyani niliyokua nayo: mtu wa daftari.

Nilipokuwa mkubwa nikasoma historia, nikaona kuwa bibi hakuzua. Wafanyabiashara wa Kihindu walikuja pwani yetu kwa upepo wa kaskazi kutoka Kachi na Kathiawar, wakawa wakopeshaji wa Waarabu na Waswahili wenye mashamba, wao pamoja na Wahindi wenzao wa Kiislamu, Mabohora na Makhoja. Katika miaka ya 1930 bei ya karafuu ilianguka, madeni yakawaelemea wenye mashamba. Mwaka 1934 serikali ya Kiingereza ilitoa sheria za kuzuia ardhi ya wenyeji isiingie mikononi mwa wakopeshaji, na mwaka 1937 biashara ya karafuu ikawekwa chini ya Chama cha Wakulima wa Karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na huko India watu wakasusia karafuu za Zanzibar mpaka yakapatikana maafikiano mwaka 1938. Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na katika miaka iliyofuata Wahindi wengi wakahama, wengine Dar es Salaam, wengine Uingereza, wengine wakarejea India. Madaftari yakaenda nao au yakaliwa na mchwa. Kwetu ikabaki methali.

Nimeyaeleza haya mapema ili msomaji asije akadhani kuwa nataka kumpaka mtu rangi nzuri. Ninachotaka kusimulia ni jambo dogo lililonipata mwenyewe, na lilianza na maradhi ya bibi.

Mwaka 2016 bibi alipata kiharusi. Alipooza upande wa kulia, ulimi ukawa mzito. Mama yangu alikuwa keshafariki. Wajomba zangu wawili wako Maskati, na walileta fedha kila mwezi, siwasemi vibaya. Mie nilikuwa nimemaliza masomo Unguja, natafuta kazi. Ukoo ukakaa kitako, ukaamua: kijana hana kazi, na akae na bibi yake. Binamu yangu wa kike angekuja mchana kumwosha na kumpikia. Usiku ulikuwa wangu.

Miezi miwili ya mwanzo nilifanya kwa moyo. Mwezi wa tatu nikaanza kuchoka. Wenzangu walikuwa wakipata kazi mmoja mmoja, mie namgeuza mgonjwa kitandani. Nikanunua daftari la skuli la kurasa arubaini na nane, nikaanza kuandika. Tarehe, nimeamka mara ngapi, nimetumia shilingi ngapi, nani alikuja na nani hakuja. Nilijiambia kuwa naandika kwa ajili ya wajomba, wajue fedha zao zinakwenda wapi. Uongo. Nilikuwa naandika deni. Nilitaka siku moja niliweke mbele ya ukoo mzima niseme: haya, nilipeni.

Kuna siku nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya. Ilikuwa mchana, zamu ya binamu yangu, naye kachelewa. Bibi alijikojolea. Niliijua harufu, na nilimsikia akiniita kwa ile sauti yake iliyopinda. Mie nilikuwa barazani. Nikaangalia saa, nikajiambia hii si zamu yangu. Nikakaa. Binamu yangu alikuja baada ya saa mbili. Usiku ule niliandika katika daftari kuwa mwenzangu kachelewa. Kuwa mie nilikuwepo, hilo sikuliandika.

Baada ya hapo wajomba walituma fedha za kununulia kiti cha magurudumu. Wete sikukipata, Unguja nilikiona ghali, nikapanda boti mpaka Dar es Salaam. Katika mitaa ya katikati ya mji nikaelekezwa duka la mzee mmoja wa Kihindu, mwembamba, miwani yake kaifunga kwa uzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama.

"Wee si mtu wa huku," alisema. "Mtu wa wapi?"

"Pemba. Jadida."

"Jadida ya Wete?" Aliweka kalamu chini. "Karafuu bado mnaanika kando ya njia?"

Kumbe kazaliwa Wete. Aliondoka na wazee wake baada ya Mapinduzi, akiwa na miaka kumi na miwili, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu hasa, kuliko hata changu nilichokichanganya na cha skuli. Nikaona nimefika kwa ndugu. Kiti alikitaja shilingi 250,000.

"Mzee," nikasema, "wewe Mpemba na mie Mpemba. Nipunguzie."

"Kwa kuwa wewe Mpemba na mie Mpemba," alijibu, "ndiyo maana nimekwambia bei ya kweli tangu mwanzo."

Hakupunguza hata senti. Alizihesabu noti mara mbili, kwa kidole kilicholowekwa mate, kisha akaandika katika daftari lake. Nikamkumbuka babu mzaa bibi, nikasema kimoyomoyo, naam, ndio wenyewe. Kiti kilikuwa ghalani, akanambia nije nikichukue kesho, Alhamisi, baada ya alasiri.

Alhamisi mvua ilinyesha, nikachelewa. Duka nikalikuta limefungwa na boti yangu ni asubuhi. Kijana wa duka la pili akanambia, "Mzee yuko hekaluni, nenda tu, kila Alhamisi yuko kule." Haikuwa mbali. Nilikwenda nikiwa nimekasirika, nimeshapanga maneno ya kumwambia.

Nilimkuta mlangoni. Kavaa nguo nyeupe, miguu mitupu, kakaa juu ya kibao kifupi mbele ya rafu za viatu. Watu walikuwa wakiingia kwa wingi, matajiri kwa maskini. Kila mmoja alivua viatu, naye akavipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto, akaviweka katika rafu, akampa mwenyewe kipande cha bati chenye namba. Viatu vyenye matope alivifuta kwa kitambaa kwanza. Nilisimama nikimtazama. Yule mtu aliyekataa kunipunguzia shilingi mia, kashika kiatu cha mchukuzi wa sokoni anakisugua kisigino.

Aliponiona alikumbuka kuwa kiti hakunipa, akajipiga kipaji cha uso. "Nisamehe, mwanangu. Kijana wangu yuko na ufunguo, atakuja sasa hivi. Kaa hapa." Kabla sijajibu kanyosha mikono kuchukua ndara zangu. Zilikuwa zimejaa tope mpaka kwenye kanda. "Mzee, wacha!" nilisema. Aliinama akazichukua.

"Hii kazi yangu. Wewe kaa tu."

Nikakaa benchini nje, maana mie Muislamu na sikuwa na haja ya kuingia ndani. Nilisikia kengele, na watu wakiimba pamoja, wanawake kwa wanaume. Watu walipopungua mlangoni, nikamuuliza. Sikujua kuuliza kwa adabu, nikauliza tu: "Mzee, kwa nini wewe? Huna mtu wa kumlipa afanye?"

Alicheka. Kisha akanisimulia, huku mikono yake ikiendelea na kazi.

Mkewe aliumwa miaka mitatu. Yeye alilipa kila kitu: daktari, dawa, mwanamke wa kumwangalia mchana na mwengine wa usiku. Akawa anarudi dukani, anauliza hali, anakula, analala. Siku moja mkewe alimwambia, "Umewalipa watu wote wanishike. Wewe hujanishika." Neno lile lilimkaa. Akaenda kwa mkubwa mmoja wa pale hekaluni, akamuuliza afanye nini. Alidhani ataambiwa atoe sadaka kubwa. Akaambiwa, kaa kwenye viatu mwezi mmoja.

"Nilikasirika," alisema. "Mie mtu wa duka, baba yangu mtu wa duka. Wiki ya kwanza nilikuwa nahesabu jozi. Leo mia moja na themanini, leo mia mbili na kumi. Wiki ya tatu nikasahau kuhesabu. Sijui ilikuwaje. Nikarudi nyumbani, nikamwambia yule mwanamke aende akapumzike, nikamwosha mke wangu miguu mwenyewe. Mikono ilikuwa ishazoea."

"Akapona?"

"Hakupona. Alifariki mwaka wa pili yake. Lakini mwaka ule mmoja nilikuwa mumewe." Akanyamaza kidogo. "Dukani nahesabu, mwanangu, lazima nihesabu. Huku sihesabu. Mtu akihesabu kila pahala atakuwa mizani, hatakuwa mtu."

Ukutani juu ya rafu kulikuwa na picha ya mzee mwenye kilemba cheupe na fimbo. Nikamuuliza ni nani. Akanambia ni Jalaram Bapa, na Alhamisi ni siku yake. Baadaye nilitafuta habari zake nikasoma. Alizaliwa mwaka 1799 katika kijiji cha Virpur, Gujarat, katika kabila la Walohana, kabila la wafanyabiashara wengi waliokuja huku kwetu. Aliwekwa dukani, hakufaa, kwa kuwa alikuwa akigawa mali. Mwaka 1820 yeye na mkewe Virbai wakaanzisha pahala pa kuwalisha wapita njia, kila siku, bila malipo na bila kuuliza dini wala kabila. Wafuasi wake husimulia kuwa mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu alimletea nafaka baada ya mwanawe kupona. Jalaram alifariki mwaka 1881. Chakula Virpur kinaendelea kutolewa, na tangu mwaka 2000 hekalu lile halipokei sadaka ya mtu yeyote. Linalisha tu. Nilipoisoma habari hii nilicheka peke yangu: katika kabila la watu wa daftari, mtakatifu wao ni yule aliyeshindwa na duka!

Wahindu wana maneno mawili kwa mambo haya. La kwanza ni bhakti, mapenzi ya mja kwa Mola wake, mapenzi yasiyongojea elimu kubwa wala cheo. La pili ni seva, huduma. Mapenzi bila huduma huwa wimbo tu, na huduma bila mapenzi huwa kibarua. Katika Bhagavad Gita, Krishna anamfunza Arjuna kuwa mtu afanye wajibu wake bila kuyatamani matunda yake. Na katika visa vya Rama kuna kile cha Shabari, kikongwe wa msituni, mtu wa tabaka la chini, aliyekaa miaka akimngojea Rama apite. Wengi husimulia kuwa Rama alipokuja alimwandalia kunazi za mwituni, na kila moja aliiuma kwanza ili ampe zile tamu tupu. Mila inasema chakula kilichoumwa ni najisi. Rama akala.

Mshairi wao Narsinh Mehta, Mbrahmani wa Junagadh wa karne ya 15, inasimuliwa kuwa alitengwa na wenziwe kwa kwenda kuimba katika nyumba za watu wasiogusika. Wimbo wake mmoja, unaomsifu mtu anayeyaona machungu ya wengine kuwa yake, ndio alioupenda mno Gandhi. Na Gandhi huyo, akiwa wakili kijana aendaye Afrika Kusini mwaka 1893, alikaa Zanzibar kama siku nane au kumi akingoja meli. Alikuwa bado hajawa yule tunayemjua.

Sisemi kuwa dini hiyo haina dosari. Hao wasiogusika hawakutoka mbinguni, walifanywa hivyo na watu waliokuwa wakienda hekaluni. Na watu walioimba nyimbo hizo Alhamisi ndio walioshika mikarafuu ya baba yake bibi Ijumaa. Mapenzi hayakulifuta daftari. Nililoliona mie ni kuwa yanampa mtu pahala pa kuliweka chini kwa saa mbili, na kwamba saa mbili zile, zikirudiwa miaka, zinaibadilisha mikono.

Na sikuwa na haja ya kuvuka bahari kulijua hilo. Chuoni tulifundishwa ikhlasi, na sadaka ambayo mkono wa kushoto haujui kilichotolewa na wa kulia. Tulifundishwa kuwa pepo iko chini ya nyayo za mama. Nilikuwa nayajua haya kwa moyo, kama nijuavyo jedwali la kuzidisha. Lakini nyayo za bibi yangu, zilizokuwa zimevimba na kupasuka, nilikuwa nikizipita nikienda barazani.

Jioni ile walitoka na chakula, wali uliopikwa pamoja na dengu, na mchuzi wa mtindi. Nikaletewa sahani pale benchini. Kijana akaja na kiti. Mzee alizunguka magurudumu kuyatazama, akanipa ndara zangu. Zilikuwa safi kuliko siku niliyozinunua. Nikashindwa kuzivaa mpaka nilipofika njiani.

Niliporudi Jadida bibi alikuwa macho. Nilimweka katika kiti nikamsukuma mpaka barazani, akaona watu wanapita, akalia kidogo. Usiku nikachemsha maji, nikakaa chini, nikaiweka miguu yake katika beseni. Sikujisikia mtakatifu. Mgongo uliniuma, na mbu walikuwa wengi. Lakini niliitazama ile miguu, na nikamwambia lile la siku ile: kwamba nilimsikia, na nilikaa. Alinitazama muda mrefu. Akauweka mkono wake mzima juu ya kichwa changu, hakusema kitu.

Kisha nikamsimulia habari za Banyani wa Wete aliyenifuta ndara. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, kwa ule ulimi wake mzito, neno kwa neno:

"Bei... alikupunguzia?"

"Hata senti."

Nusu ya uso wake ilicheka. "Basi huyo... Banyani kweli."

Bibi alifariki masika ya mwaka uliofuata. Usidhani, ndugu msomaji, kuwa baada ya siku ile sikuchoka tena wala sikununa. Nilichoka, nikanuna, nikagombana na binamu yangu juu ya sabuni. Lakini tulipokuwa tukipanga vitu vyake baada ya hitima, nililikuta lile daftari chini ya godoro langu. Kurasa kumi na moja zimeandikwa. Tarehe ya mwisho ilikuwa ile ya siku moja kabla ya safari ya Dar es Salaam. Sikumbuki kuwa niliamua kuacha. Nilisahau tu, kama yule mzee alivyosahau kuhesabu viatu.

Nilizichana zile kurasa kumi na moja nikazitia jikoni motoni. Zilizobaki, tupu, nikampa mtoto wa jirani aliyekuwa akianza skuli.